Kifua

Ukuta wa sebule yetu umetunisha kifua
tangu enzi bonde hili la Welisi likila makaa ya mawe:
sentimita thelathini na tano kuja mbele,
mita moja na nusu upana.
Idwal ameupima mara tatu,
kana kwamba ukipimwa sana utaona haya, urudi nyuma.

Kitanda cha mama hakienei.
Ndiyo kesi yote. Goti lake halipandi ngazi tena,
hospitali wamempa kitanda cha umeme chenye reli pembeni,
na hata ukikisukuma mpaka dirishani
mlango haufungi. Kimezidi kiganja kimoja.

Basi tumeketi na bahasha ya bili ya gesi,
Idwal anaandika mgongoni mwake, mimi nasoma kwa sauti.
Mhandisi, mia nne na themanini,
kuja kutazama juu na kuguna.
Boriti ya chuma na kuipachika, elfu moja mia na hamsini,
maana ukiondoa kifua cha chini
cha chumbani juu kitabaki hewani, na dohani nzima juu yake,
tani ya matofali ikingoja usiku wa upepo.
Halmashauri, mia tatu na tisini kwa muhuri.
Mkaguzi wa ukuta wa shirika, mia tisa,
kwa kuwa nyumba ni mbili na dohani ni moja,
na Bi Prosser wa upande wa pili
hatii saini asichokisoma mara mbili,
na miwani yake imepotea tangu Pasaka.
Kubomoa, na kontena la kifusi, elfu moja mia nane na sabini.
Lipu, mbao za sakafu, rangi: elfu moja mia tano na hamsini.
"Na masizi?"
"Masizi ni bure. Yatakuja yenyewe."

Pauni elfu sita mia tatu na arobaini
kwa nusu mita ya mraba.
Kwa bei hiyo, Idwal anasema,
tungenunua mlima ule wa dirishani na kondoo wake.

Sikucheka. Nilikuwa nikiangalia ukuta ulipochubuka,
pale kiti cha baba kilipougusa.
Baba alikuwa na kifua.
Kila nyumba mtaani ilikuwa na mtu wa kifua:
walishuka mgodini wazima, wakapanda na vumbi
lililopanga chumba humo ndani, lisilipe kodi.
Usiku aliuinamia moto akikohoa,
makaa yakimjibu kwa kupasuka,
nami juu ya ngazi nikisikiliza
nani atanyamaza kwanza.

Ukuta huu nao una kifua, kwa ile maana nyingine.
Mwaka wa mgomo mama alitupa motoni barua ya benki
kabla hajaifungua,
akasema neno moja ambalo sikuwahi kulisikia kanisani.
Matofali yalisikia. Mpaka leo hayajalitoa.

Jumanne Emlyn fundi alikuja, akagonga kwa kifundo cha kidole,
akatoboa tundu la kupitisha mkono.
Yakamwagika masizi, vijiti vya kiota,
mfupa wa ndege mwepesi kama njiti ya kiberiti.
Nilifagia hadi saa ya chai, na bado napenga nyeusi.

Jumamosi tukamleta mama akione chumba.
Hakuuliza bei. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.
"Moto bado upo," akasema.
Haupo. Tuliuzima tulipoingiza gesi.
Ni wa Bi Prosser, anayewasha kuni kila adhuhuri,
joto lake likipenya tofali kwa tofali hadi kwetu,
miaka yote hii, bila bili.
Idwal aliitazama bahasha. Hilo hakuliwekea mstari.

"Si mng'oe mlango?" mama akasema.
"Nani wa kunichungulia mimi?"

Idwal anajumlisha upya, huenda kosa liko kwenye lipu.
Mimi nimepiga magoti na bisibisi.
Nimeanzia bawaba ya chini,
iliyopakwa rangi mara nyingi mno
hata skrubu zake sizioni, nazipapasa.