Ijumaa Ina Saa Sabini

Nilikuwa nafunga duka langu la kunakili, Bungoma,
mama Nasambu akaingia na Katiba, kaifunga kwa mfuko wa unga.
"Nitolee arubaini na tisa tu.
Herufi zinenepeshe. Askari wa zamu anasema macho yake mabovu."

Mukhwana wake kashikwa saa kumi jioni,
akidai pesa za miwa pale mizani.

Mashine ikakohoa. Karatasi ikatoka ya moto.
Akasoma kwa kidole: saa ishirini na nne…
kidole kikateremka, kikakwama
penye siku zisizo za mahakama.

Kumbe ndiyo maana Ijumaa.

Akanyamaza. Akarudi juu:
kuelezwa sababu. Kuzungumza na wakili.
"Haya nayo yanangoja Jumatatu?"
Hayangoji, mama.
"Basi toa tatu."

Nilikataa thelathini zake. Akazibwaga juu ya mashine:
"Cha bure huombwa. Hiki nimenunua."

Jumapili, nikienda kanisani, nilimwona benchi la kituo,
karatasi magotini, anasoma kwa sauti,
askari kajifanya anatafuta kalamu.
Nyuma ya ukuta mtu akaita,
si sauti ya Mukhwana:
"Mama, rudia hapo pa wakili."