Jani Moja

Karatasi ilianzia ofisini,
ikapita kwa mhasibu, ikapita kwenye mzani,
ikafika mezani petu kwenye vumbi la kahawa
imeshajaa alama za vidole.
"Zawadi ya Meneja. Ni hiari."
Neno hiari limepigiwa mstari mara mbili,
na chini yake: elfu kumi, isipungue.

Mimi Ndeonansia, nachambua buni:
nyeusi huku, zilizovunjika huku, nzima kule,
elfu saba kwa siku, umeme usipokatika.
Nikapiga hesabu. Siku moja na nusu ya macho yangu
iende Double Road ikawe saa ya ukutani
ya mtu asiyechelewa kamwe,
kwa kuwa hakuna wa kumwandika akichelewa.

Aikande alisaini bila kusoma.
"Tia tu, dada. Januari wanapanga zamu."
Kundaeli wa stoo alikopa ili achange,
akamkopa huyohuyo anayekusanya.

Nisieleweke vibaya, mimi si bahili.
Mwaka juzi mwanangu alipolazwa Mawenzi,
Meneja alinipa siku tatu, hakukata hata shilingi,
akaniuliza jina la mtoto,
na wiki iliyofuata alikuwa bado analikumbuka.
Nilimpelekea mkungu wa mshare kutoka kihambani,
nikautua mlangoni kwake usiku, Shanty Town,
nikasema "wa watoto huo," nikageuka upesi
asije akaniona nimesimama kama mtu anayedai.
Hakuna aliyeniandika popote.
Ulikuwa mzito mkungu ule,
lakini haukuniuma shingo kama inavyoniuma kalamu hii.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Sawa.
Ila huu mkono unaotulipa,
mbona nao unadai tuupake asali?

Jioni, Old Moshi, kwenye mpaka wa shamba,
nikakata jani la isale,
lile tunalompelekea jirani tuliyemkosea,
lile ambalo ukiletewa huwezi kulikataa.
Asubuhi, mbele ya jina langu, nikaandika: jani moja.
Nikalitia kwenye bahasha, katikati ya noti za wenzangu.
Aikande akanitazama kama anayenizika.

Jumatatu Meneja akashuka hadi kwetu.
Alilishika kwa vidole viwili, kama risiti.
Mtu wa Kibosho yule, hakuhitaji kufafanuliwa.
Mashine zilinguruma, ikabidi ainame:
"Ndeonansia, umenikosea nini?"

Buni zikapita mbele yangu, nzima na mbovu,
sikuzigusa.
"Bado, Meneja," nikasema.
"Nimelileta mapema.
Zamu si mnapanga Januari?"

Hakucheka. Hakukasirika pia, au sikuona.
Akalikunja jani taratibu, lisivunjike,
akalitia mfuko wa shati,
ule wa kushoto,
akapanda ngazi kurudi juu
ambako saa mpya, nasikia,
ilikuwa bado kwenye boksi lake.