Damu Imetumbukia Nyongo

Usiku wa Jumanne, Arua, jenereta likikohoa nje,
walimleta Ayikoru, muuza unga wa muhogo,
macho manjano kama mafuta ya simsim,
kiganja kimebana chini ya mbavu za kulia.
"Napata choo cheusi," alisema, si kwangu, kwa ukuta.
"Cheusi kama lami ya njia ya Koboko."

Mimi ni mpiga picha tu. Sina kisu.
Nina jeli nusu chupa na kioo chenye ufa.
Nikampaka, akashtuka kwa baridi,
nikautafuta mfuko wa nyongo chini ya ini.

Jiwe nalijua. Jiwe hung'aa,
na nyuma yake huangusha kivuli.
Hiki hakikuwa na kivuli.
Kilijaza mfuko, kizito, kijivu;
nikamgeuza ubavu wa kushoto,
kikateremka polepole
kama machicha ya kwete ndani ya kibuyu.

Nikanyamaza. Ndipo nikasikia
tik, tik, kifuani mwake.
"Vali ya chuma," akasema. "Ya Kampala. Mwaka wa tano."
Na wafarini kila jioni, damu isije ikaganda humo.
Na juzi fulajili, ya duka la Ediofe, eti tumbo.
Kidonge kikakutana na kidonge gizani,
damu ikasahau kuganda.

Jambo likiharibika twasema limetumbukia nyongo.
Sikuwahi kuliona likitumbukia kweli.

Dakta Dramadri alisoma karatasi yangu mara mbili.
Wafarini isimame. Vitamini K mshipani, lakini kidogo:
damu ikikumbuka kupita kiasi, vali itakwama.
Chupa mbili za damu, moja ya benki,
moja ya Onzima, mpwa wake, mwendesha boda,
aliyelala kitandani na helmeti kifuani
kwa kukosa pa kuiweka.

Alfajiri wakampasua.
Mfuko ulitoka umevimba, zambarau, kama biringanya.
Ndani bonge la damu, na katikati ya bonge
kijiwe, punje ya mtama,
ambacho mimi sikukiona.
Hilo nalo nimeliandika.

Siku ya nne Ayikoru kaomba uji,
kauliza bei ya unga sokoni, kakasirika.
Dawa ya moyo imeanza tena, sindano kwanza, kwa woga.
Usiku napita wodini, umeme umekatika,
nasimama mlangoni nahesabu:
tik. tik.
Moja imeruka.
La, ni bomba la sinki.