Vifaa Mchanganyiko

Siku sita kabla ya maonyesho
picha ya nne bado haijakubali kusimama.
Ghorofa zinateleza, gundi imekuwa uji,
na upepo wa Julai, ambao hapa Nkuhungu hauna adabu,
umeinua turubai la mlangoni ukaingia
na viatu.

Nilikuwa nimetoka kupaka vanishi.
Vumbi likatua juu ya barabara ya Mtumba,
jekundu, laini, kama mtu aliyetumwa.
Nikasonya. Nikachukua kitambaa nifute,
kisha nikaona limeanguka pale pale
ambapo mimi mwenyewe ningelimwaga.
Basi. Limeshaweka sahihi kabla yangu.

Madirisha nimeyakata kwenye risiti za luku.
Tarakimu ishirini, ishirini, ishirini,
kila chumba na namba zake za kuwasha taa.
Ukisogea karibu utasoma uniti: tatu nukta moja,
saba nukta sita. Hakuna aliyenunua mia.
Kuta ni mifuko ya saruji niliyookota Ihumwa,
nikailoweka usiku kucha, nikaibandua ganda kwa ganda
kama kitunguu, ila bila machozi.
Vilima nimevichora kwa mkaa wa jikoni;
mawe ya huku hayataki rangi ya dukani,
yanataka kusuguliwa kwa dole gumba
mpaka kucha iingie weusi.

Pascazia wa ukumbini anapiga simu
(ukumbi ule, Uhindini, uliokuwa duka la vitenge):
"Ijumaa asubuhi zote ziwe ukutani.
Na lebo, tafadhali. Jina, vifaa, bei.
Kwenye vifaa usihangaike,
andika tu vifaa mchanganyiko."

Vifaa mchanganyiko.
Nimeyarudia maneno hayo nikichekecha udongo wa Ntyuka
kwa chujio la chai. Chujio si langu,
ni la shangazi Nyamwanji. Hajui.

Au anajua. Leo amekuja na bakuli la mlenda,
ameutua ugali wa uwele katikati ya makopo ya rangi,
amesimama mbele ya picha ya tisa, mikono kiunoni.
Hakusema nzuri. Hakusema mbaya.
Alikuwa anatafuta njia.
Kidole chake kikavuka reli,
kikakata kushoto penye mashine ya kusaga,
kikasita, kikarudi, kikasimama
pahali ambapo sasa pana lami ya njia nne.
"Hapa palikuwa kwangu.
Choo umekiacha wapi?"

Choo sina. Nikamwonyesha bati.
Kipande cha kiganja, nusu kutu,
na juu yake mkono mmoja wa ile eksi
waliyopaka watu wa barabara,
nyekundu kuliko nyekundu zangu zote.
Nililiokota siku ya katapila, yeye akihesabu sufuria.
Siku ile hakulia. Alikuwa anagombana na dereva:
"Taratibu na huo mlango, we kijana, ni mninga!"

Akaliinamia. Akaligonga kwa ukucha mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi kwake.
"Hili la jikoni hili."
"La jikoni, shangazi."
"Na atakayeinunua picha ataondoka nalo?"
"Ataondoka nalo."
"Kwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akakaa chini, juu ya ndoo.
"Hela yote hiyo, na mimi fidia yangu..."
Hakumaliza. Akamega tonge, akalichovya,
akalimeza bila haraka.
Turubai likapiga, likatulia.
"Basi umwambie," akasema, "linavuja."

Sasa ni usiku, uniti zangu mbili nukta nane,
nakata lebo kwa wembe.
Nane za kwanza nimefuata nilivyoambiwa.
Ya tisa nimeandika jina, nimeandika bei,
na kwenye vifaa:
gundi, mkaa, mfuko wa saruji, risiti,
udongo wa Ntyuka, vumbi lililojileta,
bati la Nyamwanji, upande wa jikoni.
Linavuja.