Madigadi ya Kushoto

Gombani, Jumapili, saa tano kasoro.
Magari kumi na tisa ya Kijerumani yamepangwa uwanjani
kama maharusi wasiojuana,
kila moja na kamba yake, na kibao chake,
na kijana wa kufukuza watoto wenye vidole vya ubuyu.

BMW ya Mkoani imeshushwa tumbo hadi inalamba nyasi;
mwenyewe kalitoboa bomba la moshi,
ikikohoa, njiwa wanahama paa la jukwaa.
Audi iliyovuka kwa meli ya mizigo kutoka Tanga
imefunikwa blanketi kama mzazi wa siku saba.
Gofu ya Wete ina spika kubwa kuliko injini.

Na kuna yake Thuweni:
Porsche ya sabini na tatu, manjano ya binzari.
Kibao kinataja mmiliki, mwaka, silinda sita,
na chini, kwa wino mwekundu:
kila kipande cha kiwandani.

Ilipoletwa kwangu Machomane
madigadi ya kushoto haikuwapo.
Kutu ilikula, ikashiba, ikabakisha tundu
la kupita paka. Na paka alipita,
akazaa humo, watoto watatu.
Thuweni akaandika Ujerumani. Wakamjibu bei.
Akaisoma mara mbili, akavua miwani:
"Kidawa, huna njia?"

Nilikuwa na pipa.
Pipa la mafuta ya makonyo, la Wawi,
bovu kitako, nikikingia maji ya mvua.
Nikalipasua kwa tindo, nikalilaza bati
juu ya mfuko wa mchanga wa Vumawimbi,
nikaligonga siku kumi na moja:
nyundo ya mti, nyundo ya chuma,
kisha kiganja, maana kiganja ndicho chenye macho.
Ile ya kulia ikawa mwalimu wangu.
Naipapasa gizani, narudi kwenye bati,
naenda, narudi,
mpaka mkono ukasahau ipi ni ipi.

Moto wa gesi ulipoligusa,
karakana nzima ilinuka karafuu.
Jirani akachungulia: "Leo mnapika pilau?"

Sasa jaji ameinama. Katoka Dar, kalamu sikioni.
Anagonga kwa kifundo cha kidole.
Kulia: ngo. Kushoto: ngo.
Anatikisa kichwa kwa raha.
"Hii," anasema, "mikono ya leo haiwezi."
Watu wanapiga makofi. Na mimi napiga,
kwa mikono hiyohiyo.

Sijui nimesifiwa au nimetukanwa.
Naliweka neno ulimini:
lina utamu, lina ukakasi.

Lakini saa sita inafika,
na jua la Pemba halihongeki.
Linashuka wima juu ya manjano,
linapenya rangi, linapenya rangi ya chini,
linafika ndani, upande wa gurudumu,
ambako sikupaka kitu.

Jaji alishasogea hatua tatu. Anasimama.
Pua inamwinuka.
Anatafuta jamvi la kuanikia; hakuna, si msimu.
Anarudi, anainama tena,
pua karibu na bati la kushoto,
anavuta pumzi ndefu, anavuta nyingine,
Thuweni anafuta jasho,
na mimi, nyuma ya kamba,
nauma ncha ya mtandio nisicheke.