Daftari la Mnazi

Miaka ishirini na sita, ghalani Shimanzi,
nilionja chai kwa mshahara.
Vikombe vyeupe mia tatu kabla ya saa nne:
navuta kwa kelele, nazungusha, natema ndooni,
nasema neno moja, karani anaandika.
Hakuna siku niliyomeza.

Sasa nina pensheni
na daftari la mistari mipana nililomwibia mjukuu wangu,
na kila Jumapili niko Utange,
kwenye mangwe ya Mbodze nyuma ya machimbo ya kokoto,
nimekalia kreti la soda lililopinduliwa,
nameza.

Wenzangu wanacheka. Mnazi ni mnazi, wanasema,
unalewesha au hauleweshi.
Nawaacha. Nanusa mboko kwanza.

Wa asubuhi, mgema Dzombo:
maji ya dafu, hamira, povu linalonong'ona.
Mtoto bado. Sita.

Wa saa tisa, Dzombo yule yule:
ndizi ya kisukari iliyosahauliwa juu ya kabati,
ganda la ndimu, mwisho wake mkavu. Saba.

Uliolala, wa Mwaringa wa Majaoni:
zizi la mbuzi baada ya manyunyu (hili si tusi),
halafu pilipili manga, halafu kitu kama ile shilingi
uliyoibana kinywani ukitumwa dukani.
Saba na nusu. Nusu ni ya shilingi.

Kisha wa Tsuma.
Mtu mfupi, minazi mitano, kotama kiunoni,
hupanda kama anayekwenda kumjulia mgonjwa hali.
Nilipoonja, kalamu ilisimama.
Chai ningeipatia neno. Hapa niliandika tu "umenyooka",
nikaandika tisa, nikafunika kwa kiganja.

Lakini Mbodze husoma maandishi hata kichwa chini.
"Tsuma! Umepata tisa!"
Mangwe zima likapiga makofi.
Yeye akafuta kotama pajani, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata mnazi wake ulikuwa mwembamba.
Maji. Nilijua kabla haujafika koo,
maana nani asiyejua, tangu darasa la tatu,
mgema akisifiwa hufanya nini?
Nikafuta tisa. Nikaandika tatu.
Nikatoka na daftari mkononi hadi shina la mnazi wake,
nikamkemea aliye juu kama mnunuzi aliyepunjwa:
"Umetia maji!"

Hakujibu. Akashusha kibuyu kwa kamba, taratibu,
kikafika usawa wa pua yangu.
Ndani, nyuki wawili, ua moja,
na maji ya mvua hadi shingoni.
"Jana usiku," sauti ikashuka nyuma yake,
"wewe ulilala wapi?"

Nililala Ganjoni, chini ya mabati,
na mabati hayakuninyamazia hadi adhana ya alfajiri.

Nikarudi kwenye kreti. Nikaonja tena,
safari hii kama ninavyojua kuonja.
Visima vya Utange vina chumvi, hata sabuni huvikataa.
Haya maji hayakuwa na chumvi, hata chembe.
Ulimi wangu ulilijua hilo mara ya kwanza.
Ulisema. Methali ilikuwa imeshatangulia kuonja,
na mimi nikaandika ilichosema methali.

Nikaifuta ile tatu.
Karatasi haikustahimili kufutwa mara mbili pahali pamoja,
ikatoboka.
Kupitia tundu nikaona ukurasa wa chini:
hesabu ya kugawanya ya mjukuu wangu,
na vema ya mwalimu, nyekundu,
imekaa pale pale penye alama ya Tsuma.

"Andika basi, Bwana Chai," Mbodze akasema,
"watu wanangoja."

Niliandika pembeni: mvua.
Nikaomba mboko ya pili.
Hiyo sikuinusa.