Muhula wa Pili, Mikindani

Daktari wa Ligula aliandika kwa wino wa bluu:
apumzike, arudi shule Januari.
Selimundu haisomi ratiba.
Mimi fundi cherehani, nimeishia darasa la saba;
nikaikunja ile karatasi mara nne
nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Siku ya kwanza nilimwambia Somoe, fungua kitabu.
Akafungua. Tukatazamana.
Siku ya pili aliitoa futikamba shingoni mwangu
akatoka nayo.

Akapima kizingiti, akapima kivuli cha mpapai
saa mbili, saa sita, saa kumi,
akauzungushia mdomo wa kisima cha Bi Nangomwa,
akagawa kwa upana wake,
akapata tatu na kitu.
Jaribu sufuria, nikasema. Tatu na kitu.
Jaribu ungo. Tatu na kitu.
Nilikuwa na miaka thelathini na minane
na hicho kitu sikuwahi kukutana nacho
nje ya ubao.

Asubuhi ambazo viungo havikumuuma
tulishuka mikokoni,
yeye na buti za mjomba wake, soksi jozi mbili,
maana maji baridi ni adui yake.
Mbegu ya mkoko huota ingali mtini,
ndefu kama penseli;
ikidondoka hujichomeka topeni yenyewe.
Sisi tulichomeka kumi na moja,
kila moja na uzi wa rangi yake kutoka kwenye kopo langu.
Wa zambarau ulikatwa na kaa, na mche wake.
Usiku ule Somoe, badala ya kununa, akatunga:

    Kaa anakwenda pembe, kashika njia ya pwani,
    hakupewa hata jembe, nyumba kaichimba chini,
    huhesabu kila chembe, akiitoa tunduni,
    nani humwita mzembe, asiyekwenda shuleni?

Kaa huenda upande, nikamwambia, si pembe.
"Vina, mama," akajibu,
kama mtu anayemhurumia mteja asiyejua kitambaa.

Majirani walisema fundi anamlea mzururaji.
Oktoba ikaja na korosho.
Somoe akaazima mizani dukani,
akaketi barazani kwa Likwachala,
akapima bakuli lake la kangomba,
lile analoliita kilo.
Kilo moja na robo.
Akapima tena, watu wakasogea.
Jioni Likwachala akaleta salamu:
mwanao asije tena kwangu na mizani.
Hayo nayo aliyaandika daftarini,
chini ya kichwa cha habari: Biashara.

Novemba, siku tisa, hatukwenda popote.
Nilimkanda magoti, nikamhesabia vidonge,
na maji, kikombe baada ya kikombe.
Siku ya sita akaomba mfuko wa vipande.
Akashona Mikindani yote akiwa kitandani:
bahari, pindo la kanga;
majaruba ya chumvi, shashi nyeupe;
kilima, khaki ya suruali ya marehemu baba yake,
nayo sikumwambia nilikuwa nimeificha.
Pa shule aliacha kitundu.
"Nitajua rangi yake nikirudi."

Karudi.
Jumatatu alivaa soksi moja moja kama wenzake,
nikamtia jozi ya pili mkobani, akaniona, akanyamaza.

Leo nimeshuka peke yangu,
futikamba nimeifumbata ndani ya kanga kama mwizi.
Uzi mwekundu: inchi tisa.
Wa kijani: nane na robo.
Wa manjano sikuuona, nimezunguka mara tatu.
Nimeandika kwenye daftari lake
kwa mwandiko wangu wa darasa la saba,
nikabaki nimechutama pale, gauni la mteja linanisubiri,
namtazama kaa mmoja akitoka tunduni na tonge lake la tope.

Kweli bwana.
Alikwenda pembe.